Uso unachoma baada ya tona? Tazama saa kabla ya kulaumu chupa

Tona isiyo na alkoholi ni maji yaliyotiwa vitu vichache vya kushika unyevu, kama gliserini au panthenoli, pamoja na kihifadhi kidogo cha kuzuia vijidudu. Haina nguvu nyingi. Ndiyo maana inapoleta vurugu usoni, mara nyingi kosa limeanza kabla kifuniko hakijafunguliwa: sabuni iliyotangulia, wembe wa asubuhi, mkono uliosugua, au krimu iliyopakwa miezi kadhaa iliyopita. Pengine kosa liko kwenye lebo ambayo mnunuzi hakuisoma hadi mwisho. Kutenganisha hayo mawili hakuhitaji maabara. Kunahitaji saa.

Kiswahili chetu kinasaidia hapa, kwa sababu kuchoma si kuwasha, na kukaza si kupauka. Kinachochoma ndani ya sekunde chache kinaashiria ngozi iliyochubuka au kiambato kikali. Ngozi inayokaza dakika 10 baadaye imeachwa ikauke. Kinachowasha kesho yake au kesho kutwa, hasa kope zikivimba, huenda ni mzio. Vipele vinavyojitokeza baada ya wiki 2 au 3 kwa kawaida vina chanzo kingine kabisa. Madoa meusi huja mwisho, moto ukishazimika. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: ilianza lini baada ya kupaka?

Hakikisha kwanza unaitumia hivi

Uso na shingo vinatosheka na robo ya kijiko cha chai, yaani mililita 1.25 hivi. Ukipaka asubuhi na jioni ni mililita 2.5 kwa siku, kwa hiyo chupa ya mililita 200 inakufikisha siku 80. Ikiisha ndani ya mwezi mmoja, ama unamwaga nyingi mno ama pamba ndiyo inayoinywa. Kwa ngozi nyeti viganja ni bora kuliko pamba: havinywi tona na havisugui.

Nawa uso kwa maji ya vuguvugu. Kausha kwa kugandamiza taulo, usifute. Uso ukiwa bado una unyevunyevu, mimina tona kiganjani, isambaze viganja vyote viwili, kisha gandamiza mashavu, paji la uso na kidevu, ukimalizia na pua. Kabla dakika moja haijapita, paka losheni au krimu yako. Asubuhi funga kazi na krimu ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi. Anayeanza atumie jioni moja na kuruka moja kwa wiki ya kwanza, kila jioni wiki ya pili, ndipo aongeze asubuhi.

Chupa mpya ijaribiwe kwanza kwenye mkono. Paka tone mahali pale pale kwenye kunjo la kiwiko, mara 2 kwa siku, kwa siku 7. Siku moja haitoshi, kwa sababu mzio huchukua siku kadhaa kujitokeza. Wiki hiyo inaudhi ukiwa na chupa mpya mkononi, lakini uso uliovimba hukaa muda mrefu zaidi.

Inachoma papo hapo

Mchomo hafifu unaoisha kabla ya sekunde 30 na haurudi si hatari. Ngozi imekauka kidogo, punguza iwe siku moja na kuruka moja. Ukizidi dakika moja, au ukipanda badala ya kushuka, osha uso kwa maji mengi ya baridi bila sabuni, paka losheni isiyo na manukato, na usijaribu tena siku hiyo.

Kesho yake fanya jaribio la maji. Nawa uso kwa maji matupu, usipake tona, kisha paka losheni uliyoizoea. Ikiwa hata losheni inachoma, au jasho lenyewe linachoma ukipanda mlima kwenda stejini, tatizo ni ngozi: tabaka lake la juu, linalozuia maji yasitoke na vitu vikali visiingie, limechubuka. Tona imeonewa bure. Ikiwa kila kitu kinatulia isipokuwa tona, basi geuza chupa usome lebo.

Tuanze na ngozi iliyochubuka, kwa sababu ndiyo habari ya wengi.

Mshukiwa wa kwanza ni sabuni ya kipande. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH ya 5 hivi. Sabuni ya kawaida huwa na pH ya 9 hadi 10. Ukinawa uso na sabuni ile ile ya kuogea, au vibaya zaidi ya kufulia, mara 2 au 3 kwa siku, mafuta yanayoshikilia ngozi yanayeyuka. Tona inayofuata inaingia kwenye nyufa. Badilisha sabuni kwanza: tafuta ya maji isiyotoa povu jingi wala harufu, uitumie jioni tu. Asubuhi maji yanatosha.

Mshukiwa wa pili ni kinyozi. Tazama kinachotokea kwenye kiti chake: mashine inapita shingoni mara 3 au 4 kutafuta ulaini, wembe unachonga mstari wa ndevu, kisha pamba iliyoloa spiriti inapigwa pale pale, mteja anakaza meno, na juu yake inakuja losheni yenye manukato makali. Mchomo ule huchukuliwa kuwa dalili ya usafi. Spiriti inafaa kwenye meno ya mashine na kwenye wembe. Shingoni inayeyusha mafuta ya ngozi iliyokwisha kwanguliwa, na mtu akifika nyumbani akapaka tona ya upole, ndiyo inayopewa lawama. Mwambie kinyozi asafishe mashine kwa spiriti mbele yako, aache ngozi yako, akupanguse kwa kitambaa safi chenye maji. Tona isubiri hadi kesho yake. Mwenye vipele vya ndevu amwombe pia aache urefu wa milimita 1 badala ya kukwangua hadi chini, kwa sababu nywele zilizojikunja zikikatwa chini ya ngozi huchimba zinapoota tena.

Mshukiwa wa tatu ni kusugua: sukari na limau, kahawa, dodoki la mwili, au tona nyingine yenye asidi ya glikoliki au salisiliki inayotumiwa sambamba. Dawa za chunusi za jamii ya retinoidi nazo hufanya ngozi ichome kwa chochote, hata maji, hasa wiki za mwanzo. Hizo usiziache kwa uamuzi wako ikiwa umeandikiwa; muulize aliyekuandikia kama unaweza kupunguza idadi ya siku.

Wa nne ni mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zinazouzwa kimyakimya zina steroidi kali kama klobetasoli, au haidrokwinoni, au zebaki. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini Kenya, na steroidi hizo ni dawa za daktari. Ngozi iliyozoea steroidi huwa nyembamba, mishipa yake midogo huonekana, na krimu ikiachwa uso unawaka, unavimba na kukataa kila kitu, tona ikiwemo. Kama umetumia krimu ya namna hiyo zaidi ya wiki chache, hakuna tona itakayokusaidia. Hilo ni la daktari wa ngozi, naye atahitaji kujua ulitumia nini na kwa muda gani ili akupangie namna ya kuacha. Hakuna aibu ya kulisema. Afadhali umwonyeshe kopo lenyewe.

Kwa hao watatu wa kwanza, dawa ni kupumzisha uso. Kwa siku 14: maji ya vuguvugu, losheni isiyo na manukato mara 2 au 3 kwa siku, mafuta ya mgando kidogo mno sehemu zilizochubuka usiku, kofia na kinga ya jua mchana. Hakuna tona, hakuna skrabu, hakuna kujaribu kipya alichokisifu jirani. Ngozi hujijenga upya kwa takriban wiki 4, kwa hiyo wiki 2 ni nusu ya safari. Ukirudi kwenye tona, rudi nayo peke yake, jioni moja na kuruka moja, na usiongeze kitu kingine kabla ya siku 4.

Lebo ikiwa ndiyo yenye kosa

Viambato huorodheshwa kuanzia kile kilicho kingi. Vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote mwishoni. Ukikuta Alcohol Denat., SD Alcohol, Ethanol au Isopropyl Alcohol kati ya majina 5 ya mwanzo, hiyo ni tona ya alkoholi hata kama mbele pamechorwa ua na kuandikwa kuwa ni ya upole. Cetyl Alcohol, Cetearyl Alcohol na Stearyl Alcohol ni jambo tofauti: ni mafuta mazito ya kulainisha, usiyakimbie kwa sababu ya jina. Benzyl Alcohol na Phenoxyethanol ni vihifadhi vya kiasi kidogo. Huwasumbua watu wachache, wengi hawavitambui kabisa.

Maji ya mmea wa witch hazel yanahitaji jicho kali. Yale yanayouzwa sana hutengenezwa yakiwa na alkoholi ya asilimia 14 hivi, na kwenye lebo neno alkoholi linaweza kujificha ndani ya jina la mmea. Yakiwa hayana alkoholi, bado yana tanini zinazokausha. Kwa ngozi nyeti tunashauri yaachwe dukani.

Menthol, peremende, mikaratusi na mdalasini hutoa ubaridi au joto linalodhaniwa kuwa ni kufanya kazi. Ni mwasho tu. Lactic Acid, Glycolic Acid na Salicylic Acid ni asidi za kuchubua ngozi, na tona yenye hizo ni chombo kingine, hata ikiwa haina tone la alkoholi.

Kabla ya kulipa, tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Chini yake kuna namba ya kibali; tuma SM# ikifuatiwa na namba hiyo kwa 20023, na ujumbe unaorudi ulinganishe na jina lililo kwenye chupa. Bidhaa ya kutoka nje inapaswa kuwa na stika ya ISM, alama ya viwango ya bidhaa za kutoka nje. Na chupa iliyoshinda juani juu ya meza, usiichukue hata ikiwa halali.

Uso unakaza, kisha unapauka

Hii hutokea dakika 5 hadi 20 baada ya kupaka, nayo ni malalamiko ya Nakuru kuliko Kisumu. Nakuru iko juu, mita 1,850 hivi, na Januari na Februari hewa huwa kavu, upepo unapeperusha vumbi, usiku unakuwa baridi. Tona ikipakwa usoni na kuachwa wazi, maji yake huruka angani na kwenda pamoja na maji ya ngozi. Gliserini inahitaji unyevu wa kuvuta. Hewa isipokuwa nao, na pasipo mafuta juu ya kuziba, uso hubaki mkavu kuliko kabla ya tona.

Kosa la kawaida ni subira. Mtu hupaka tona, hungoja ikauke kabisa, huvaa, hunywa chai, ndipo akumbuke losheni. Ziba ndani ya dakika moja. Mwezi wa Januari badilisha losheni nyepesi iwe krimu nzito, au baada ya losheni weka mafuta ya mgando kiasi cha punje ya harage, yapashwe moto kati ya viganja na kugandamizwa mashavuni. Ikiwa bado uso unakaza, rudi nyuma hatua moja: je, ulikuwa unakaza hata kabla ya tona, pale tu ulipokausha maji? Basi ni sabuni, au maji ya moto mno.

Nakuru wengi hulaumu maji ya kisima. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi, na madhara yake yanayojulikana ni ya meno na mifupa. Ukitaka kuhakikisha, nawa uso kwa maji ya mvua yaliyochemshwa na kupozwa kwa siku 5 bila kubadilisha kitu kingine. Kama hakuna tofauti, waachie maji amani yao, ushughulikie sabuni.

Unanata, au unatoa vinyuzi

Haya ni ya Kisumu, ambako mchana hufika nyuzi 30 na ziwa halikosi kutoa unyevu. Gliserini inapata maji hewani, jasho linaongezeka, vumbi la barabarani linaganda juu. Punguza tona hadi matone 10, na asubuhi iwe badala ya losheni, si chini yake. Kinga ya jua iliyo nyepesi itashika kazi ya kuziba. Tafuta chupa ambayo Glycerin haiko nafasi ya pili kwenye lebo.

Vinyuzi vinavyojiviringisha kama masazo ya raba ya kufutia vinatokana na kinga ya jua kupakwa juu ya kitu ambacho hakijatulia. Hapo subiri dakika 2 au 3 kati ya losheni na kinga ya jua, na gandamiza badala ya kusugua. Kipimo cha kinga ya jua hakipunguzwi: mistari 2 kwenye urefu wa vidole viwili, kwa uso na shingo.

Pamba haiishi kutoka chafu

Dalili hii ni ya macho, lakini ndiyo inayozaa nyingine zote. Mtu ametoka Kakamega kwa bodaboda kwenye barabara ya maramu, amenawa uso, amepitisha pamba yenye tona, imetoka ya kahawia. Anachukua ya pili, ya tatu, ya sita. Anaacha pamba ikishakuwa nyeupe na uso umeshakuwa wa moto.

Pamba ya kwanza huchukua vumbi na mafuta ambayo kunawa kulikosa, hasa pembeni mwa pua na penye mstari wa nywele. Ya pili huchukua masalio ya poda au fandesheni. Kuanzia ya tatu, unachokiona kwa sehemu kubwa ni seli za juu za ngozi yako zenyewe, na kwa mtu mweusi seli hizo zina rangi. Hazitaisha, kwa sababu ngozi haiishi. Tona si ya kuoshea. Ikiwa pamba ya kwanza ni chafu, ulinawa vibaya: jioni anza kwa kulainisha vipodozi na mafuta kidogo mepesi au losheni ya kusafishia kwa sekunde 60, ondoa kwa kitambaa laini chenye maji ya vuguvugu, kisha nawa kwa sabuni laini. Baada ya hapo viganja. Atakayeshikilia pamba atumie moja, ya bapa isiyotoa nyuzi, ipite mara moja tu kila sehemu.

Unawasha kesho yake

Mwasho unaoanza baada ya saa 24 hadi 72, wenye vijipele vidogo vya maji, ngozi kuvimba na kope kuwa nzito, unaelekea kuwa mzio wa kugusa. Tofauti yake na mchubuko ni kwamba huvuka mipaka: umepaka mashavuni, shingo nayo inawasha. Tena kila ukirudia huja haraka na kwa nguvu zaidi. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu; tazama rangi ya zambarau au weusi uliokoza, na ugusie mgongo wa kiganja uone kama pana joto.

Manukato ndiyo yanayoongoza. Kwenye lebo ni Parfum au Fragrance, na jamaa zao Linalool, Limonene, Geraniol na Citral. Mafuta ya lavenda na ya mti wa chai ni ya asili, na yanaleta mzio vilevile. Lebo ya unscented, yaani isiyonukia, isikupumbaze: inaweza kumaanisha kuwa harufu imefunikwa kwa harufu nyingine, neno la kutafuta ni fragrance-free, yaani isiyo na manukato. Kihifadhi kiitwacho Methylisothiazolinone nacho kilisumbua watu wengi hata Umoja wa Ulaya ukakipiga marufuku mwaka 2017 kwenye vipodozi vinavyobaki kwenye ngozi, lakini bado utakikuta kwenye sabuni na shampuu.

Maji ya waridi ya kupikia, yanayouzwa kwenye maduka ya viungo, yana harufu halisi au ya kuongezwa. Anayejua ngozi yake haitaki manukato asiyahesabu kuwa salama kwa sababu yanaliwa.

Ukishathibitisha mzio, hakuna kurudia kidogo kidogo ili ngozi izoee. Haitazoea. Piga picha ya lebo, ihifadhi kwenye simu, na kila chupa mpya ilinganishe na orodha hiyo.

Vipele baada ya wiki

Tona ya maji ni mshukiwa dhaifu hapa. Tazama viko wapi. Vikiwa kwenye paji la uso na karibu na nywele, chunguza mafuta ya nywele na jeli ya kulaza ukingo wa nywele. Hushuka na jasho. Vikiwa kwenye paji na mashavuni kwa abiria wa bodaboda, chunguza sponji ya helmeti, ambayo ni ya abiria 20 kabla yako: weka kofia nyembamba ya pamba ndani na uifue kila siku. Vipele vya ukubwa mmoja, vinavyowasha, visivyo na kichwa cheusi, vilivyoko pia kifuani na mgongoni, na vilivyozidi msimu wa joto, vinaweza kuwa vya fangasi. Hivyo havisikii dawa ya chunusi. Mwonyeshe mfamasia au daktari.

Ikiwa tona ndicho kitu pekee kilichobadilika, iache kwa wiki 4. Vipele vikipungua, irudishe kwa wiki 2. Vikirudi, umepata jibu. Bila hiyo hatua ya kurudisha unabaki unakisia.

Madoa meusi

Doa ni alama ya mwasho uliokuwepo, na kwenye ngozi zetu hukaa miezi. Wanaotafuta tona ya kulifuta huongeza moto: limau usoni lina pH ya 2 hivi, na maji ya ndimu au limau yakikutana na jua yanaweza kuunguza ngozi hadi malengelenge na kuacha doa jipya kubwa kuliko la kwanza. Ondoa mwasho, kisha linda uso na jua. Mionzi ya jua inayounguza huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na pale Maseno mstari wa ikweta unapita kando ya barabara. Hakuna mwezi wa kupumzika. Kinga ya jua yenye rangi, iliyotiwa oksidi ya chuma, huzuia hata mwanga wa kawaida unaokoza madoa.

Tona yenye niasinamidi (aina ya vitamini B3, Niacinamide kwenye lebo) ya asilimia 2 hadi 5 inaweza kusaidia taratibu. Ipe wiki 8 hadi 12. Na hakuna tona inayofunga vinyweleo. Havina misuli ya kufunga na kufungua. Vinaonekana vidogo vikiwa havina uchafu, basi.

Chupa imebadilika

Ukungu ndani ya maji yaliyokuwa angavu, nyuzi zinazoelea, harufu ya siki au ya tope, rangi ya manjano: mwaga. Mchoro wa kikopo kilichofunguliwa wenye 6M au 12M ni miezi ya kutumia tangu siku ya kufungua, kwa hiyo andika tarehe chini ya chupa kwa kalamu ya wino usiofutika. Usigusishe mdomo wa chupa kwenye pamba wala kidole, na usiongeze tona mpya juu ya masalio ya zamani.

Ya kutengeneza nyumbani ni ngumu kuliko inavyosemwa, kwa sababu haina kihifadhi. Wengi huchanganya gliserini na maji ya waridi nusu kwa nusu, na hiyo inanata na kuchoma. Kipimo kinachofaa ni asilimia 5: kwa sirinji isiyo na sindano, vuta mililita 1 ya gliserini kutoka chupa ya duka la dawa, changanya na mililita 19 za maji yaliyochemshwa dakika 10 na kupozwa yakiwa yamefunikwa. Tumia chupa iliyochemshwa pia. Weka kwenye friji, na siku ya 5 mwaga kilichobaki. Usipokuwa na friji, nunua ya dukani.

Shubiri ya shambani ina utomvu wa manjano chini ya ganda, na huo ndio unaowasha. Simamisha jani lililokatwa kwa dakika 15 litoe utomvu wote, kwangua ganda, osha ute mweupe mara 2. Tumia siku hiyo hiyo.

Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi dakika 10 hadi 15. Anza sentimita 1 kutoka ukingo wa kope, basi haitaingia.

Wakati wa kwenda hospitali

Midomo au kope zikivimba ghafla, ukikosa pumzi, au mabaka yakienea mwilini, nenda sehemu ya dharura saa hiyo hiyo. Uso unaotoa majimaji ya manjano, wenye maumivu au homa, usilale nao. Mwasho uliopumzishwa siku 14 bila nafuu nao unahitaji macho ya mtaalamu: anzia kwenye kituo cha afya kilicho karibu, uombe barua ya kwenda kwa daktari wa ngozi kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti. Nenda uso ukiwa haujapakwa kitu. Beba chupa ya tona, sabuni, losheni, mafuta ya nywele na krimu nyingine yoyote, pamoja na karatasi yenye mambo matatu: siku uliyoanza kila kimoja, siku dalili ilipotokea, na ilichukua muda gani baada ya kupaka.